Tuliomaliza Mockingjay tukutane hapa: ule mshale kwa Coin ulikuwa halali?

Binti wa Mikindani (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Angalizo kabla hujashuka chini: humu namwaga kila kitu mpaka ukurasa wa mwisho. Kama bado uko kitabu cha kwanza au cha pili, pita pembeni, usije ukanilaani baadaye.

Hapa Mtwara tuna kikundi kidogo cha kusoma, wengi vijana tuliomaliza shule tuko mtaani. Nakala hazitoshi, kwa hiyo anayekiweza Kiingereza anatangulia, kisha anawasimulia wenzake kwa Kiswahili, na ubishi unaanzia hapo. Safari hii tulikuwa na zile hadithi tatu za Suzanne Collins: The Hunger Games ya 2008, Catching Fire ya 2009 na Mockingjay ya 2010. Mbili za kwanza tulizimaliza kwa kunyang'anyana. Ya tatu imetupasua. Nusu ya kikundi wanasema mwandishi alichoka, kaua watu hovyo, na Katniss, binti msimuliaji tuliyemzoea na upinde wake, kageuzwa mtu wa kujificha makabatini na kumeza dawa. Mimi nasema ya tatu ndiyo yenyewe, na wala sibembelezi mtu.

Kwa asiyekumbuka vizuri: nchi inaitwa Panem, ndiyo iliyobaki baada ya Amerika Kaskazini kuharibika. Mji mkuu, Capitol, unakula; wilaya 12 zinazalisha. Kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana na msichana wa miaka 12 hadi 18, wanaingizwa uwanjani wauane mbele ya kamera mpaka abaki mmoja. Kitabu cha tatu hakina uwanja. Wilaya ya 12 imechomwa kwa mabomu, walionusurika wamehamia Wilaya ya 13, ambayo watu waliaminishwa kuwa iliteketezwa zamani kumbe inaishi chini ya ardhi na silaha zake za nyuklia. Rais wa huko ni mama mmoja, Alma Coin. Anaongoza uasi dhidi ya Rais Snow, na anamtaka Katniss awe uso wa mapinduzi, yaani Mockingjay, jina la yule ndege wa kwenye beji yake.

Hiyo Wilaya ya 13 wengi wanaipita mbio, na mimi ndiyo ilinishika. Asubuhi unaingiza mkono kwenye kifaa cha ukutani, unautoa umepigwa ratiba kwa wino wa zambarau: saa moja kifungua kinywa, saa moja na nusu zamu ya jikoni, hivyo hivyo mpaka kulala. Chakula kinapimwa kwa kichwa na hutoki nacho nje hata tonge. Mapema tu kitabuni Katniss anawakuta wale warembaji wake wa Capitol, watu wasio na madhara hata kwa sisimizi, wamefungwa minyororo ukutani. Kosa lao ni kuchukua mkate. Huyo ndiye mkombozi wetu, mnaona? Tangu hapo Coin nilishamweka kiporo.

Halafu angalieni ni mara ngapi Katniss anaamua jambo lake mwenyewe. Nguo ya vita ilichorwa na Cinna, mbunifu wake wa mavazi, kabla yeye hajakubali kuivaa. Maneno anaandikiwa. Wanamwingiza studio apaze sauti ya ushujaa, inakuwa aibu tupu, mpaka Haymitch, mshindi wa zamani aliyekuwa mlezi wake wa uwanjani, anawauliza waliokaa mezani wakumbuke ni lini huyu binti aliwagusa kweli. Basi wanampeleka Wilaya ya 8, kwenye ghala lililogeuzwa hospitali. Majeruhi wananyoosha mikono wamguse. Akishatoka, ndege za Capitol zinakuja na kuipiga ile hospitali pamoja na wote waliomo. Anapandwa na hasira, anaiambia kamera yaliyo moyoni, na hiyo sasa ndiyo video waliyokuwa wanaitafuta. Wagonjwa wamekufa, wapiga picha wamepata mali. Wanaolalamika kwamba kitabu hakina mchezo hawajaangalia vizuri. Mchezo upo, umebadilisha waandaaji.

(Habari ya Peeta, yule kijana wa mwoka mikate aliyeingia naye uwanjani, kutiwa sumu ya nyigu akaaminishwa kwamba Katniss ni adui siigusi leo. Inataka uzi wake.)

Twende mwisho. Waasi wanaingia Capitol. Watoto wa Capitol wamezungushiwa uzio mbele ya jumba la Snow wawe ngao. Inapita ndege yenye nembo ya Capitol, inadondosha miavuli midogo ya rangi ya fedha, ile ile iliyokuwa inaleta zawadi uwanjani. Watoto wanaidaka. Baadhi inalipuka. Matabibu wa waasi wanakimbilia kuokoa, na mmoja wao ni Prim, mdogo wake Katniss, hata miaka 14 hajafikisha. Anamwona, anafungua mdomo amwite. Ndipo ile iliyobaki inalipuka.

Baadaye Snow, akiwa mfungwa kati ya mawaridi yake, anamwambia si yeye. Angekuwa na ndege angetorokea, asingeitumia kuua watoto wa watu wake mwenyewe. Na Katniss anakumbuka kwamba mtego wa namna hiyo, bomu la kwanza la kujeruhi na la pili la kuwamaliza wanaokuja kuokoa, aliusikia ukichorwa Wilaya ya 13 na Beetee pamoja na Gale, rafiki yake wa utotoni.

Halafu Coin anawakalisha washindi saba wa michezo ya zamani waliobaki hai. Anapendekeza badala ya kuua watu wengi wa Capitol, ufanyike mchezo mmoja wa mwisho, safari hii kwa watoto wa wakubwa wa Capitol. Wapige kura. Peeta, Annie na Beetee wanakataa. Johanna na Enobaria wanakubali. Katniss anasema ndiyo, kwa ajili ya Prim. Haymitch anamfuata. Nne kwa tatu.

Siku ya kumnyonga Snow, ambayo kwa hakika ni ya kumpiga mshale, Katniss anainua upinde juu kwenye roshani na kumwangusha Coin.

Kikundi chetu kimelala na hili. Alikuwa na haki? Na ile "ndiyo" yake aliimaanisha, au alikuwa anamlaza Coin usingizi? Nawasilisha.

---

Mzee wa Kibanda Umiza

Siti ya mbele nimeshachukua.

Mimi kitabu sijasoma, nisiwadanganye. Nimeiona muvi zote mbili, ya 2014 na ya 2015, walivyoikata vipande viwili wapate hela mara mbili. Kwa kweli ile ya kwanza nilisinzia. Kibandani kwetu iliwekwa iliyotafsiriwa, na mtafsiri alikuwa anamwita Coin "bi mkubwa mwenye mvi za dharau", watu hoi. Mshale ulipopaa kuelekea roshani kibanda kizima kilisimama.

Kwa hiyo swali la halali mimi sikulijua kama lipo. Yule mama alikuwa anaomba mwenyewe.

---

Binti wa Mikindani

Mzee wangu, muvi imekupunja. Effie, yule msindikizaji wao wa Capitol unayemwona Wilaya ya 13 kwenye filamu, kitabuni hayupo kule kabisa, anakuja kuonekana mwishoni. Na yule mwigizaji wa Plutarch, mpangaji wa propaganda za waasi, Philip Seymour Hoffman, alifariki Februari 2014 kabla hawajamaliza kupiga picha, ndiyo maana mwishoni maneno yake yanasomwa na Haymitch kwenye barua. Kitabuni Plutarch anaongea mwenyewe, na anaongea maneno ya kukera: kwamba watu wana akili fupi, watasahau, wataanza tena.

---

Fundi Chikongola

Mleta mada umeandika vizuri lakini umeficha mezani upande usioupenda. Ngoja niutoe.

Ushahidi dhidi ya Coin ni upi? Neno la Snow, mtu aliyefika madarakani kwa kuwatilia watu sumu na mdomo wake mwenyewe unanuka damu kwa vidonda vya sumu hiyo hiyo. Ukiongeza na kumbukumbu ya Katniss ya maongezi aliyoyasikia maabara. Basi. Gale mwenyewe anapoulizwa kama bomu lilikuwa la kwake anajibu hajui. Hakuna aliyekiri, hakuna shahidi, hakuna kesi. Siku ya ushindi, mbele ya wananchi waliopoteza ndugu zao wakimfuata, binti anamuua kiongozi kwa hisia. Sisi tungekubali hilo hapa mtaani? Mtu kachoma nyumba ya jirani kwa sababu mwizi aliyefungwa kamwambia jirani ndiye aliyeiba?

Na kura ndiyo inamaliza mjadala. Mtu aliyepitia uwanja mara mbili, aliyemwona mtoto Rue, rafiki yake wa uwanjani, akifa, anapiga kura watoto wengine waingizwe. Usiniambie ni mbinu. Kitabu kizima kinasimuliwa na yeye, kwa "mimi", kwa wakati uliopo, tunaingia kichwani mwake hadi kwenye ndoto. Kama ilikuwa mbinu angetuambia. Hakutuambia kwa sababu haikuwepo.

Hata mahakama yao haikumpa haki. Aliachiwa kwa sababu daktari alisema kichwa hakiko sawa, akarudishwa kijijini. Hiyo ndiyo hukumu ya mwandishi mwenyewe.

---

Mwana Newala

Fundi leo kaja na nondo!

Mimi nataka kumtetea Gale kidogo maana kila mtu anamtupia mawe. Yule ni mtegaji. Baba yake alifia mgodini siku moja na baba yake Katniss, akalisha wadogo zake kwa mitego ya porini wakati Katniss anatafuta mizizi, kama bibi zetu wanavyochimba ming'oko mwezi wa njaa. Akili ya mtego anayo toka utotoni: mnyama anapenda nini, anakimbilia wapi akiogopa. Vita ikaja ikamwambia sasa tega binadamu. Na akaona binadamu anakimbilia mtoto wake anayelia.

Hilo ndilo lililonitisha, kwamba huruma imefanywa chambo. Lakini jamani alikuwa ameona wilaya yake inaungua, akawavusha watu kwenda porini yeye mwenyewe. Wangapi humu wangebaki na akili ya kuhesabu raia na askari?

Prim hakumuua kwa kukusudia. Na Katniss anajua. Ila hawezi kumtazama tena bila kujiuliza, na yeye Gale anajua hilo, anaondoka mwenyewe kwenda Wilaya ya 2. Hakuna kofi, hakuna matusi. Niliumia pale kuliko hata kifo cha Finnick, mpiganaji mwenzao.

---

Korosho Ghafi

Mmezunguka sana. Mimi kilichonikaa ni ile ramani. Wilaya ya 12 inachimba makaa ya mawe halafu majumbani kwao umeme ni saa chache jioni, labda Capitol wakitaka waangalie mashindano. Ya 4 inavua samaki, ya 11 inalima kila kitu na wanalala njaa. Nikafunga kitabu nikatoka nje.

Wenye umri wanakumbuka 2013 hapa mjini. Habari ya kupinga bomba la gesi ya hapa kwenda Dar. Januari, halafu Mei. Watu walikufa. Bomba likajengwa, zaidi ya kilomita 500.

Sisemi zaidi.

---

Dada wa Mtanda

Mkuu, ukisema zaidi uzi unafutwa. Turudi kwa Katniss tafadhali.

---

Fundi Chikongola

Korosho Ghafi, na mimi nilikuwepo mjini 2013, siyo kwamba sikuelewi. Ila kuna kosa tunalifanya tukisoma hivi vitabu, kila mtu anajiweka Wilaya ya 12. Hakuna anayejiweka Capitol. Wewe simu unayosomea PDF yake madini yamechimbwa na nani?

---

Mwalimu Mstaafu, Nachingwea

Vijana wangu, nimeusoma uzi taratibu na miwani yangu. Nimefurahi kwamba watu wa kusini mnabishana juu ya kitabu. Mjukuu wangu ndiye aliyeniletea hivi vitatu, nikavisoma kwa kumridhisha, cha tatu nikakisoma kwa ajili yangu.

Korosho Ghafi, hiyo ramani yako ni ya zamani kuliko gesi. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza waliamua Nachingwea izalishe karanga, mafuta yaende kwao. Wakajenga bandari ya Mtwara, wakalaza reli mpaka huku kwetu. Mradi ukaanguka kufikia 1951, na reli baadaye ikang'olewa. Mtaa wa Railway hapo Mtwara umebaki na jina, treni hamna.

Ila nimeingia humu kwa mambo mengine. Fundi anadai ushahidi wa bomu. Nachingwea ilikuwa na kambi kubwa ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, Samora Machel akiwa hapa. Kiongozi wao, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa kifurushi cha posta. Ndani yake mlikuwa na kitabu, ndani ya kitabu bomu. Zawadi iliyojificha kama ile miavuli. Polisi wa siri wa Ureno walinyooshewa kidole, na wapo waliotajwa kutoka ndani ya chama chenyewe. Kwa hiyo swali la Katniss, kwamba aliyerusha ni adui au ni wa kwetu, halikubuniwa Marekani. Watu wameishi nalo hapa, na mahakama unayoitaka wewe Fundi mara nyingi haifiki.

La pili ni kubwa zaidi. Mmesoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein? Ilitoka 1969. Sisi tuliifundisha miaka na miaka. Mambo yake yanatokea hapa hapa, vilima vya Matumbi, Kilwa, pamba ya Wajerumani iliyong'olewa Nandete Julai 1905, vita ya Maji Maji mpaka 1907 na njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi.

Katika tamthilia hiyo Kinjeketile anapandwa na pepo, anatoka na maji na ujumbe wa umoja. Watu waliokuwa wanagawanyika wanaungana. Lakini alisema na jambo jingine akiwa amepandwa: kwamba wakimshinda Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said, yule sultani wa Zanzibar. Akizinduka anashtuka. Anaona kwamba amewaambia watu watoke kwa bwana mmoja waingie kwa bwana mwingine. Anataka wasubiri, hawasubiri. Neno alilolizaa limeshamzidi kimo.

Sasa msomeni Katniss tena. Ndege kifuani mwake amekuwa mkubwa kuliko yeye. Watu wanafia kwa jina lake wilaya ambazo hajawahi kukanyaga. Na mbele yake anasimama Coin, ambaye ni yule bwana wa pili. Tofauti ni kwamba Kinjeketile alimwona bwana wa pili katika maneno yake mwenyewe, akakosa namna ya kuyarudisha. Katniss alimwona mezani, na upinde alikuwa nao.

Mwisho wa tamthilia Mjerumani anamtaka Kinjeketile aseme maji yalikuwa uongo. Mwenzake anamsihi aseme apumzike. Anakataa, kwa kuwa akisema hivyo watoto wataambiwa kwamba hata kupigana kulikuwa kosa. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko ninavyomheshimu Katniss, maana yeye Katniss aliachia wengine kazi ya kueleza. Alirudi nyumbani akakaa kimya. Plutarch ndiye aliyebaki na kamera.

---

Binti wa Mikindani

Shikamoo mwalimu. Tamthilia hiyo tulisimuliwa tu darasani, hatukuwahi kuishika. Hilo la Seyyid Said limenisimamisha, kesho nalipeleka kikundini.

Na naomba nimjibu Fundi kwa kitabu chenyewe.

Unasema kama ilikuwa mbinu angetuambia. Rudi kwenye kile kikao. Coin akishatoa pendekezo, Katniss anawaza kwamba pengine hivi hivi ndivyo ilivyokuwa miaka 75 iliyopita, watu wamekaa duara wakapiga kura michezo ianze. Anawaza kwamba hakuna kilichobadilika. Anapima chaguzi zake, anafikiri mpaka mwisho, akiwa ameliangalia waridi. Halafu ndipo anasema ndiyo. Mtu anayewaza hivyo hawezi sekunde inayofuata kuwa anautaka mchezo. Na Haymitch anapoangaliwa, Katniss anasema hii ndiyo saa ya kujua wanafanana kiasi gani, kama kweli anamwelewa. Anamwelewa katika nini, kama ni kura ya kisasi tu? Kisasi hata Johanna anakielewa.

Kuna na kitu kingine. Angesema hapana, pendekezo lingeanguka, Coin angejua nani hayuko naye, na upinde asingepewa. Ndiyo ndiyo iliyomfikisha pale uwanjani na mshale mmoja.

Kwamba hakutuambia, mimi naona ndiyo ufundi. Vitabu vitatu tumekaa kichwani mwake kama wale watazamaji wa Capitol. Mara moja tu akatufungia mlango.

Kuhusu ushahidi wa bomu, nakupa nusu. Coin angeweza kuponea kwa kukosa ushahidi. Lakini pendekezo la mchezo alilitoa kwa mdomo wake mbele ya watu saba. Hilo halihitaji shahidi. Na niongeze moja, Prim alifikaje mstari wa mbele? Mtoto wa miaka 13, katika wilaya ambako huchukui hata mkate bila kibali. Katniss anajiuliza hilo hilo, kwamba lazima mtu wa juu sana aliidhinisha.

---

Dada wa Mtanda

Mimi nilikisoma Lindi kwa kuchelewa. Nakala yangu ilikuwa inatoka Dar mwaka 2024, barabara ikakatika Somanga kipindi cha zile mvua na kimbunga Hidaya, mzigo ukakaa njiani. Nilikuwa nimeachwa pale Catching Fire inapoishia, Gale anasema Wilaya ya 12 haipo tena. Jamani. Msimfanyie mtu hivyo.

Nyote mmeongelea mshale. Hakuna aliyemtaja mama yake.

Kitabu cha kwanza Katniss anamchukia mama kwa kuzama kwenye huzuni baba alipofia mgodini, watoto wakabaki na njaa. Kitabu cha tatu Prim amekufa, na yule mama harudi nyumbani. Anakwenda Wilaya ya 4 kusaidia kuanzisha hospitali. Katniss anarudishwa peke yake, na Haymitch mlevi, kwenye nyumba kubwa ya kijiji cha washindi iliyosalimika kwenye mabomu. Anakaa kwenye kiti kile kile, nywele zinajisokota, bibi wa sokoni, Sae, anakuja asubuhi na jioni kumpikia. Yaani amekuwa mama yake. Mwandishi hasemi hivyo, anatuachia tuone.

Nilimkasirikia mama yule. Halafu nikakumbuka kazi yake ilikuwa kuuguza, na kila kona ya ile nyumba ina Prim. Bado sijui nimsamehe au vipi.

Sehemu iliyonifungua machozi ni paka. Buttercup, lile paka baya ambalo lilikuwa la Prim, limetembea kutoka Wilaya ya 13 mpaka nyumbani. Katniss anamfokea, anamrushia mto, anamwambia Prim hayupo, amekufa, hatarudi. Paka analia na yeye analia. Vita nzima, mabomu, maraisi wawili wamekufa, na msiba wa Prim unafanyika sebuleni mtu akigombana na paka. Nani kasema mwandishi alichoka?

Na kile kitabu cha kumbukumbu wanachotengeneza baadaye, kila marehemu ukurasa wake. Mbuzi anamlamba Prim shavuni. Kicheko cha baba. Vitu vidogo hivyo tu.

---

Mwana Newala

Dada, la paka nililiruka nikisimulia kikundini maana nilijua sitamaliza. Sasa umenianika.

Na Peeta anapanda yale maua ya primrose pembeni ya nyumba. Amerudi, ana makovu ya moto, ana koleo mkononi, na mkokoteni wenye vichaka vya maua. Hamna "nakupenda" wala nini. Anachimba.

---

Mzee wa Kibanda Umiza

Subirini, kwa hiyo anaolewa na yule wa mikate?

---

Dada wa Mtanda

Baba, uliiona muvi! Mwisho amekaa na mtoto kwenye majani!

---

Mzee wa Kibanda Umiza

Umeme ulikatika baada ya mshale. Nilidhani imeisha.

---

Binti wa Mikindani

😂😂 Ndiyo mzee wangu. Na watoto wawili. Peeta aliwataka miaka mingi, yeye akiogopa. Wasomaji wengine wanaukataa ule ukurasa wa mwisho wakisema mwandishi kalazimisha harusi. Mimi naona hakulazimisha kitu, Katniss mwenyewe anasema watoto wanacheza juu ya makaburi bila kujua, na kwamba siku mbaya anajikumbusha orodha ya kila jambo jema alilowahi kumwona mtu akifanya. Huyo hajapona. Anaishi tu, na anajua namna.

---

Fundi Chikongola

Nimerudi kukisoma kile kikao cha kura, kweli analo lile wazo la miaka 75. Nakupa hilo, kura ilikuwa mtego.

Lakini angalieni sasa mmeniweka wapi. Kama ni mtego, basi ni mtego wa aina ile ile ya Gale: unamwonyesha mtu anachokipenda, anasogea, unaachia. Coin alipenda kuungwa mkono na Mockingjay. Akapewa. Halafu tunamlaani Gale, tunampigia Katniss makofi. Mwalimu anasema Katniss aliachia wengine kueleza. Mimi naongeza kwamba aliwaachia na dawa waliyoitumia Coin na Snow, kuamua peke yako nani afe. Paylor, kamanda wa waasi aliyeshika nafasi baada ya Coin, akageuka rais mwema kwa bahati tu. Angekuwa mwingine?

---

Mwalimu Mstaafu, Nachingwea

Marahaba binti. Na Fundi, hapo umegusa penyewe. Hilo la "kwa bahati" sina jibu lake, na nimesoma historia maisha yangu yote.

---

Korosho Ghafi

Aliyetega panya na aliyetega mamba wote wategaji, ila mimi nitamshukuru mmoja zaidi.

---

Fundi Chikongola

Korosho, mamba wa leo kesho ni wewe.

Mleta mada, nasikia kuna vingine alitoa baadaye, cha 2020 cha ujana wa Snow na cha 2025 cha Haymitch. Mnavyo huko Mikindani?

---

Binti wa Mikindani

Cha Snow tunacho, kimeshikwa na Mwana Newala na kuna foleni ya watatu. Cha Haymitch bado tunachangishana, kikifika nitakiacha kwa wakala wa basi Chikongola, utakikuta. PDF msiniombe inboksi, siweki. Na mwalimu, kama una Kinjeketile hata iliyochakaa, nauli ya kuja kuichukua Nachingwea najilipia mwenyewe.

---

Mwalimu Mstaafu, Nachingwea

Ipo, jalada limetoka. Njoo Jumamosi kabla ya mchana, jioni huwa niko shambani. Na uje na hicho cha tatu, mjukuu alichukua cha kwake akaondoka nacho, nataka kuuona tena ule ukurasa wa kura.